Sambusa zinapofunguka, kunyonya mafuta au kulegea: anza na jina

Mtu akiniambia sambusa zake zimeharibika, siulizi kwanza habari ya mafuta wala ya unga. Namuuliza: maelekezo uliyofuata yaliandikwa sambusa au samosa? Wengi hudhani nauliza lafudhi tu, maana Tanzania, Zanzibar na Mombasa tunasema sambusa, na ukipanda Nairobi utaisikia samosa zaidi. Lakini kwa miaka niliyokaanga sambusa za futari na za shughuli, nimeona makosa mengi yakianzia hapo hapo. Mtu kashika maelekezo ya chakula kimoja, na mikononi ana manda (zile karatasi nyembamba za unga) za chakula kingine.

Kwa hiyo nivumilie kidogo kabla hatujafika kwenye karai.

Neno lenyewe limetoka Uajemi. Waajemi waliita kitafunio hiki sanbosag. Waarabu walipolichukua walilifanyia walivyozoea kuyafanyia maneno ya Kiajemi yenye mwisho wa -ag: waliyapa mwisho wa -aj, ikawa sanbusaj. Baadaye mwisho ule ukadhoofika, watu wakasema sanbusak, na wengine sanbusa. Hapo ukanda wetu ukalipokea, na aliyekaa chuoni, yaani madrasa, akasoma tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, anajua kilichofuata: nuni yenye sukuni, yaani n isiyo na irabu, ikikutana na b hugeuka m. Ulimi hauwezi kuzitamka mbili hizo pamoja bila shida. Ndivyo minbar ilivyokuwa mimbari, na anbar ikawa ambari. Sanbusa ikawa sambusa.

Bara Hindi lilikwenda njia nyingine, likaimeza ile b kabisa. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko ambaye mwaka 1331 alipita Mombasa na Kilwa, miaka michache baadaye alikuwa Delhi kwenye meza ya sultani, na huko alieleza kitafunio wanachokiita samusak: nyama iliyokatwa ndogo ndogo, ikapikwa na lozi, pistashio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Huko Mombasa chakula alichokiandika ni ndizi na samaki. Wareno nao waliichukua kutoka Goa wakaiita chamuça, na ndilo jina utakaloletewa Msumbiji hadi leo.

Haya yanahusu nini karai lako? Yanahusu sana. Jina lilipotawanyika, na mikono ilitawanyika. Kaskazini ya India, hasa Punjab, samosa imekuwa kitu cha unga mnene uliosuguliwa samli, umbo lake ni la koni nene, ndani mna viazi na njegere, na hukaangwa polepole kwa moto mdogo kwa dakika 15 hadi 20. Sambusa yetu, na samosa ya manda ya Wagujarati wa magharibi ya India, wakiwemo Waislamu wao wa Kibohora, ambayo ndiyo iliyozaa samosa ya Nairobi, ni karatasi nyembamba iliyopitishwa kwanza kwenye chuma, nyama iliyokwisha kuiva, na mafuta ya moto wa kutosha kwa dakika 4 hadi 6. Ukichukua manda nyembamba ukaikaanga kwa muda na moto wa Punjab, utapata sifongo la mafuta. Ukichukua unga mnene ukaukaanga kama manda, utapata kitu cheusi nje na kibichi ndani. Basi kabla ya yote, tazama kilichopo mbele yako: ni manda au ni unga mbichi uliosukumwa? Yanayofuata hapa ni ya manda.

Zinanyonya mafuta

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila Ramadhani. Unaweka sambusa kwenye karatasi na karatasi inaloa mpaka inaonyesha meza.

Sababu ya kwanza ni mafuta ambayo hayajapata moto. Sambusa ikiingia kwenye mafuta yenye joto la kutosha, maji yaliyo kwenye manda hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, ndiyo yale mapovu unayoyaona, na mvuke unaotoka huyazuia mafuta kuingia. Joto likiwa dogo mvuke ni dhaifu, mafuta yanaingia yanavyotaka. Kama una kipimajoto, lenga nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Kama huna, dondosha kipande kidogo cha manda. Kikizama na kukaa chini, subiri. Kikipanda mara moja na mapovu madogo madogo pembeni, anza. Kikigeuka kahawia kabla hujahesabu kumi, punguza moto.

Sababu ya pili ni karai lililojazwa. Sambusa kumi za baridi zikitumbukia pamoja, joto linaanguka hata kama moto ni ule ule. Karai la kawaida la nyumbani linataka sita au saba kwa mkupuo, zielee bila kupandana. Najua adhana imekaribia na watoto wamekaa. Lakini mikupuo mitatu ya sambusa sita ni bora kuliko mkupuo mmoja wa sambusa kumi na nane zinazochemka badala ya kukaanga.

Ipo na sababu ya tatu ambayo wengi hawaijui: sehemu kubwa ya mafuta huingia *baada* ya kuzitoa, si wakati zimo ndani. Zikianza kupoa, mvuke uliobaki kwenye ngozi hugeuka maji, pakabaki nafasi, na mafuta yaliyoshika juu yake yakavutwa ndani. Kwa hiyo ukizitoa, kung'uta kijiko cha matundu juu ya karai, kisha zisimamishe wima kwenye chujio, ncha chini, zichuruzike zikiwa bado za moto. Ukizilaza bapa kwenye sahani zinaogelea kwenye mafuta yao wenyewe.

Zinafunguka ndani ya karai

Nyama ikitawanyika kwenye mafuta, mafuta yanachafuka, mabaki yanaungua, na sambusa zote zinazofuata zinatoka na madoa meusi na uchungu. Sambusa moja iliyofunguka huharibu ishirini.

Tazama imefunguka wapi. Ikiwa ni kwenye mshono, tatizo ni gundi. Gundi ya sambusa ni unga wa ngano na maji, basi, lakini uzito wake ndio kazi. Vijiko vitatu vya unga kwa vijiko vitatu vya maji, ongeza maji kidogo kidogo mpaka iwe kama uji mzito unaodondoka kwa shida. Nyepesi zaidi ya hapo, itakauka kabla ya kushika. Wanga ukipata maji na joto huvimba na kushikana, hivyo gundi hukamilika ndani ya mafuta, na kama kuna unga mdogo mno hakuna cha kushikana. Tena paka mpaka ukingoni kabisa. Kidole kilicho na mafuta ya nyama kikigusa mahali pa gundi, hapo hapatashika hata upake mara tatu. Mimi huweka bakuli la maji na kitambaa pembeni, nafuta vidole kila baada ya sambusa chache.

Gundi hii ina umri mkubwa kuliko tunavyofikiri. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kinaeleza sanbusaj hivi: mkate mwembamba unakatwa kanda, unajazwa, unakunjwa pembetatu, unagandishwa kwa donge laini kidogo, kisha unatiwa kwenye mafuta ya ufuta. Kila nikikoroga kile kibakuli cha uji wa unga nakumbuka kwamba mtu wa Baghdad alifanya kazi hii hii karibu miaka 800 iliyopita, kwa sababu hii hii, na hakuna kilichobuniwa kuishinda.

Ikiwa imefunguka kwenye ncha, tatizo ni mkunjo. Nyumbani wengi wetu tunakata manda ya duara vipande vinne na kukunja kila robo kuwa kifuko. Kifuko hicho kina udhaifu mmoja: ncha ya chini. Usipoibana vizuri inaacha tundu dogo kama la sindano, na mafuta yanaingilia hapo hapo. Kunja kisha iinue juu ya taa au dirisha kabla ya kujaza, utaliona. Chovya kidole kwenye gundi, ziba. Ukikunja kwa kanda kama wale wa Baghdad, kona zinajifunika zenyewe tabaka juu ya tabaka, na kwa anayeanza ndiyo njia ninayoishauri.

Na ikiwa imepasuka katikati, tumboni, umejaza kupita kiasi. Theluthi mbili ya kifuko inatosha. Mvuke unahitaji pa kukaa.

Manda zinakatika, au hazibanduki

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa manda ndiyo sambusa. Nyama mbaya ndani ya manda nzuri bado italiwa. Kinyume chake nimekiona kikirudi jikoni.

Kipimo ninachokitumia: unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya kulia, maji ya uvuguvugu mililita 270 hadi 300. Kanda mpaka donge liwe laini, funika, liache nusu saa. Usiruke nusu saa hiyo. Donge lisilopumzika hujivuta, unalisukuma linarudi, unalisukuma linarudi, na mwisho unatumia nguvu na linachanika. Gawa madonge ishirini madogo. Sukuma kila moja liwe kama kisosi. Paka mafuta, nyunyiza unga mkavu, bandika jingine juu, paka tena, nyunyiza tena, mpaka yafike manne. La juu kabisa usilipake. Kisha sukuma yote manne kwa pamoja, ukigeuza geuza, mpaka upate upana wa sentimita 25 hivi. Yaweke kwenye chuma cha chapati cha moto wa wastani kwa sekunde chache kila upande, yabadilike rangi tu, yasipate madoa ya kahawia. Ukiyatoa, bandua papo hapo yakiwa ya moto.

Sasa matatizo. Hazibanduki: ulibania mafuta au unga katikati, au ulifika mpaka katikati ukasahau ukingo, na ukingo ndio unaoshika. Au uliziacha zikapoa. Zikishapoa zimeshikana, zirudishe kwenye chuma kidogo, nyingine zitakubali.

Zinavunjika kama karatasi kavu unapokunja: zilikaa kwenye chuma muda mrefu, au zilikaa mezani bila kufunikwa. Feni ya jikoni inakausha manda upesi sana. Ukishazikata zipange na kuzifunika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Kibichi, si cha kuloa, maana kitambaa cha kuloa kinazigandisha zikawa donge moja. Hizo zilizokwisha kukauka funika kwa kitambaa hicho dakika kumi, zitalegea kiasi cha kukunjika.

Za dukani zilizogandishwa nazo zina lao. Mwaka fulani nilinunua pakiti nyingi kwa ajili ya shughuli ya ndugu yangu, na kila pakiti ilivunjika kwenye kona. Nililaumu pakiti. Baadaye nilielewa kwamba sikuzipa muda: zinatakiwa zihamie kutoka friza kwenda friji tangu usiku, zikiwa bado ndani ya mfuko wake, kisha zitolewe nje nusu saa. Nilizifungua zikiwa na barafu na kuzilazimisha. Zile zilizovunjika tulizikata vipande, tukazikaanga na kuzinyunyizia chumvi.

Malengelenge juu ya ngozi

Sambusa nzuri ya manda ina ngozi tulivu. Ukiona mapele na malengelenge, mara nyingi manda haikupita kwenye chuma vya kutosha na bado ina ubichi, au mafuta yalikuwa ya moto mno. Punguza moto kidogo. Kwa ladha halina madhara, kwa hiyo kama ni za nyumbani usijitaabishe.

Ziko laini baada ya robo saa

Zilitoka karai zikilia krap krap, sasa zimekuwa kama chapati. Uliziweka wapi? Ukiniambia kwenye hotpoti, tumemaliza. Hotpoti inatunza joto, na inatunza mvuke pia, na mvuke ukikosa pa kwenda unarudi kwenye manda. Sambusa zikae wazi. Kama ni lazima uzisafirishe, zifunge kwenye karatasi ndani ya kikapu, siyo kwenye mfuko wa plastiki, na zikifika ziingie kwenye ovena dakika tano.

Lakini kama zinalegea hata zikiwa wazi, adui yuko ndani. Ni maji ya nyama au ya kitunguu.

Nyama ya kusaga ya sambusa haipikwi kwa kuikaanga na mafuta. Iweke kwenye sufuria bila mafuta, na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Itatoa maji yake yenyewe. Acha yakauke, huku unaivunja vunja kwa mwiko ili isishikane mabonge, mpaka usikie sufuria ikianza kulia kwa ukavu. Hapo ndipo uweke bizari nyembamba na pilipili manga. Ipua.

Kitunguu ndicho kinachowaangusha watu. Kitunguu kibichi kikikutana na chumvi hutema maji, na kitaendelea kuyatema ndani ya manda wakati wewe unakunja za mwisho. Njia mbili zinafaa. Ama kikate, kinyunyizie chumvi, kiache dakika kumi, kikamue kwenye kitambaa safi mpaka kitoe la mwisho. Ama kiweke kwenye nyama ya moto ukishaipua, kilegee kwa joto lile bila kuiva, kisha tandaza yote kwenye sinia ipoe kabisa. Usijaze nyama ya uvuguvugu. Manda inatoka jasho kwa ndani na gundi inalainika. Ila usiiache nyama mezani zaidi ya saa mbili tangu uipue, na kwa joto kali la pwani isizidi saa moja. Ikiwa bado hujawa tayari kukunja, itie kwenye friji.

Viazi, ndengu, kabichi: kanuni ni ile ile. Ukibana kiganjani na mkono ukaloa, bado.

Zilizogandishwa zinaungua nje, ndani barafu

Usiziyeyushe kwanza. Zikiyeyuka, maji yanaingia kwenye manda na zinashikana. Zitoe friza ziende moja kwa moja kwenye mafuta ya moto wa wastani, chini kidogo ya ule wa sambusa mbichi, chache chache, na simama mbali kidogo maana barafu hurusha mafuta. Na wakati wa kuzihifadhi zitandaze kwenye sinia zigande mbalimbali kwanza, ndipo uzitie mfukoni.

Unataka kuzioka na zinatoka kavu

Manda ya sambusa haikutengenezwa kwa ovena, inahitaji kupakwa mafuta pande zote mbili, na hata hivyo itakuwa tofauti. Jamaa waliozoea kuoka ni wa Asia ya Kati. Wauzbeki wana somsa, jina lile lile lililofika kaskazini, na wao huibandika kwenye ukuta wa tanuri la udongo, lakini unga wao ni mnene na wenye mafuta. Ukitaka kuoka, fuata unga wao.

Zimekamilika, lakini hazina ladha

Tatizo hili ndilo ninaloulizwa kwa sauti ya chini, kwa sababu mtu anaona aibu. Sambusa ni nzuri kwa macho, imekauka, haina mafuta, na bado ukiila ni kama umekula manda tupu.

Chumvi ya nyama inatakiwa izidi kidogo ile ya mchuzi, kwa kuwa manda itaimeza. Bizari nyembamba ikaangwe kavu kisha isagwe siku hiyo hiyo. Kotmiri iingie mwisho kabisa, nyama ikiwa imepoa, ikatwe na vikonyo vyake, maana kwenye moto inabaki rangi tu. Wapishi wa Baghdad walitia giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, mnanaa na lozi zilizopondwa. Pilipili hoho na pilipili kali hawakuwa nazo, zilikuja baadaye kutoka Amerika, na viazi vivyo hivyo. Jaribu siku moja kutia mdalasini kidogo na majani ya mnanaa kwenye nyama yako, uache pilipili kali kwa ajili ya chatne pembeni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo shangazi alikula moja, akanyamaza, akachukua ya pili, akaniuliza: "Hii umejifunza kwa nani?"